Pole Iliyokatazwa na Bima

SEHEMU YA TISA

"Leo hatukuja kwa ajili ya lori, mama. Leo tumekuja kwa ajili yako."

Hapo ndipo tulipomwacha Kavata juma lililopita: amesimama mlangoni mwa duka lake la saruji na mabati pale Malindi, kalamu sikioni, vumbi la saruji nyusini, na mbele yake Cliff, mtu wa dalali, viatu vyake viking'aa kama vya bwana harusi.

"Kwa ajili yangu?" Kavata akauliza. "Utaninadi mimi? Kilo bei gani?"

Cliff hakucheka. Akatoa karatasi yenye mhuri wa mahakama, akaiweka juu ya mizani ya misumari.

"Jumatatu, saa tatu asubuhi. Uende ukamweleze hakimu kwa nini usifungwe."

"Nifungwe? Nimemwibia nani?"

"Hujaiba. Umeshindwa kulipa. Au toa lori tulinadi, tumalizane. Juma zima tunalitafuta. Lori la tani nne si sindano, mama, halipotei kwenye majani."

"Nilikuwa na bima! Kila mwaka nimelipa, sikuruka hata mwezi mmoja. Stika hiyo hapo bado iko kiooni!"

"Kioo kipi? Kiko wapi hicho kioo nikakione?"

Kavata akaufumba mdomo. Ulimi ulikuwa karibu kumponza.

"Bima yako imekufa," Cliff akasema, sasa kwa upole kidogo. "Hukumu haikuandikwa jina la bima. Imeandikwa jina lako. Soma."

Akasoma. Jina lake lilikuwa pale, majina yote matatu, hata lile la ubatizo ambalo hakuna aliyemwita tangu alipotoka Ukambani.

Wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, kaa kitako. Miaka minne iliyopita lori la Kavata, likiendeshwa na dereva wake Thuku, liliacha barabara pale Matsangoni, likamgonga Gladys, mke wa Masha, aliyekuwa akiuza korosho kando ya lami. Mguu ukakatwa juu ya goti. Thuku akakimbilia kwao bara, hajaonekana. Mahakama ikaamua Gladys alipwe milioni mbili na laki nane. Kampuni ya bima, Nguzo Imara, ikalipa laki tisa, ikaapa kumalizia, kisha ikaanguka chali. Ikawekwa msimamizi, malipo yote yakasitishwa. Ile milioni moja na laki tisa iliyobaki ikamgeukia mwenye lori.

Nguzo Imara! Wenye kumbukumbu mnajua kwamba si nguzo ya kwanza kuanguka nchini. Na kila inapoanguka huwaangukia waliokuwa chini. Haijaonekana hata moja iliyowaangukia wale waliokuwa juu. Waulizeni wakurugenzi wa Nguzo Imara wanaishi wapi leo. Wana majumba ya ufukweni, na walinzi getini.

* * *

Kavata hakulala. Ijumaa hata duka hakulifungua. Akapanda ngazi za jengo lile karibu na soko la zamani, akausukuma mlango wa Hesbon, wakala aliyemkatia bima.

Kibao cha Nguzo Imara kilikuwa kimeng'olewa. Mahali pake palikuwa na kibao kipya, na picha ya familia ikicheka kando ya jeneza.

"Mama Kavata! Karibu, karibu. Chai?"

"Hesbon, nafungwa Jumatatu."

Hesbon akakirudisha kikombe mezani. "Pole sana."

"Pole? Kumbe hilo neno unalijua! Wakumbuka siku ya ajali?"

Hesbon akaangalia dirishani.

Kavata alikumbuka vizuri. Alikuwa amefika langoni mwa hospitali na kikapu: sukari, unga, sabuni, na leso mpya jozi. Hesbon akaja mbio, shati limemlowa jasho, akamshika mkono mbele ya bawabu. *Ukiingia, mama, umekwisha! Kwenye mkataba imeandikwa: mwenye bima hatakiri kosa, hataahidi kitu, hatatoa kitu. Ukimpa yule mama hata sabuni, kampuni itasema umekiri, itakukana.*

Akarudi. Mwanamke aliyelelewa kanisani, aliyezoea kuwapelekea wagonjwa asiowajua uji wa moto, alirudi nyumbani na kikapu chake.

"Nilikulinda," Hesbon akasema. "Ungeingia, kampuni ingekukana."

"Haya. Sikuingia. Imenikana hivyo hivyo."

"Andika madai yako, umpelekee msimamizi. Halafu upo mfuko wa fidia wa serikali. Hutoa kidogo, lakini hutoa. Ila mpaka kampuni itangazwe rasmi kwamba imefilisika."

"Itatangazwa kabla ya Jumatatu?"

"Sikutaja Jumatatu, mama. Nimesema mpaka."

Kavata akasimama. Alikuwa na la kusema, lakini la kanisani halikufaa na la sokoni lingemshusha hadhi. Akaenda zake mlangoni.

"Mama, kabla hujashuka," Hesbon akasema nyuma yake, sauti imelainika kama mafuta, "tuna hii ya mazishi. Kidogo tu kwa mwezi..."

"Nikatie," Kavata akasema bila kugeuka. "Andika jina lako. Uwe wa kwanza kuidai."

* * *

Alipofika dukani, Mapenzi alikuwa amekalia mfuko wa saruji akimsubiri. Miaka sita Mapenzi amekuwa akimuuzia dukani. Mzaliwa wa Ganze, mwenye mdomo usiojua breki.

"Sura hiyo yaonyesha wakala amekupa maneno matupu."

"Hata maneno hakunipa. Amenipa *mpaka*."

"Mama, nikuulize kitu. Huyo Gladys umewahi kwenda kwake?"

"Nilikatazwa."

"Na nani?"

"Na bima, Mapenzi. Si nimekwambia mara mia?"

"Bima si imekufa?"

"Imekufa."

"Sasa aliyekukataza amekufa, lakini katazo lake bado linatembea mjini? Hilo ni pepo, si katazo."

Kavata akataka kucheka, akashindwa.

"Sikiza nikwambie ya kwetu," Mapenzi akaendelea. "Ukimuumiza mtu, unakwenda siku ile ile, damu haijakauka. Ukitukanwa, kaa. Ukitemewa mate, jipanguse ukae. Lakini usipokwenda, watu wanasema ulikusudia. Wewe miaka minne hujakwenda. Machoni mwao hukumgonga kwa bahati mbaya. Ulimgonga, ukageuka, ukampiga teke."

"Na nikienda sasa atafanya nini?"

"Mwenye kesi ni yeye. Akisema alipwe kidogo kidogo, hakimu akufunge kwa kosa lipi? Anayeweza kukufungulia jela ni huyo. Wakili wake hawezi, na Hesbon ndiyo kabisa."

Kavata aliona kwamba Mapenzi asema kweli, na kweli hiyo ilimtisha kuliko karatasi ya Cliff. Hakimu ni hakimu tu, kazi yake kukuangalia juu ya miwani. Lakini Gladys! Kumtazama Gladys usoni!

"Twende na nini? Sukari?"

"Sukari ya nini? Mgeni wa sukari husahauliwa chai ikiisha. Walihama Matsangoni baada ya mguu, wako kwetu Ganze ndani kabisa, na mabwawa yote yamekauka. Wapelekee maji. Lita elfu tatu. Mgeni wa maji hafukuzwi."

"Lita elfu tatu nitazibeba na nini?"

Mapenzi akamtazama. Kavata akamtazama Mapenzi.

"Lori lile?"

"Kwani unalo jingine?"

Na hivyo ndivyo wanawake wawili wenye akili zao timamu, mmoja Mkamba na mmoja Mgiriama, walivyofanya kosa ambalo hata mpumbavu angejiuliza mara mbili. Walimpelekea mlemavu pole juu ya gari lile lile lililomlemaza.

Lori lilikuwa Kuruwitu, nyuma ya ua wa Kavumbi, fundi wa rangi, lilikofichwa juma lililotangulia. Lilikuwa limebadilishwa: buluu yake imefunikwa, limekuwa jekundu. Jumamosi alfajiri wakalichomoa, wakafunga tangi nyuma, wakajaza maji Kilifi, wakaingia njia ya vumbi kuelekea Ganze. Kavata mwenyewe kwenye usukani, leso imefungwa kichwani. Tangu Thuku akimbie hakuwahi kumwamini dereva mwingine.

Njiani Mapenzi aliimba. Kavata alikuwa akihesabu maneno. Pole, mama. Nisamehe, mama. Nilikatazwa, mama. Kila alipofika kwenye "nilikatazwa" aliona linanuka.

* * *

"Hodi mudzini!" Mapenzi akapiga kelele kwa Kigiriama hata kabla lori halijasimama.

"Zimeni gari kwanza!" sauti ya mwanamke ikajibu kutoka kwenye kibanda cha makuti. Haikuwa sauti ya kukaribisha.

Kavata akazima. Vumbi likatua. Wanawake wa nyumba za jirani walikuwa wamekwisha kutoka na madumu, maana tangi la maji huko halihitaji mpiga mbiu. Lakini hakuna aliyesogea. Wote walikuwa wakimtazama yule mwanamke wa kibandani, aliyekaa chini akipukuchua mahindi, magongo mawili yameegemea nguzo.

Gladys hakumtazama Kavata. Alilitazama lori, kuanzia taa mpaka magurudumu.

"Limepakwa rangi," akasema. "Lilikuwa buluu."

Kavata akashuka, akashika mlango.

"Rangi mnaweza kubadilisha. Mlio hamkuubadilisha. Mlio huo nalala nao, naamka nao. Nilipousikia pale kwenye kona nikajua ama nimekufa, ama linanirudia kumalizia mguu wa pili."

"Mulungu wangu," Mapenzi akanong'ona. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na la kuongeza.

Masha akatokea nyuma ya nyumba, shoka mkononi, masizi ya mkaa mpaka viwikoni. Mtu mrefu, mkavu, kofia ya zamani kichwani.

"Nani huyu?"

"Ndiye mwenye lori," Gladys akasema.

"Aondoke! Sasa hivi! Wakili alisema tusizungumze na mwenye gari hata neno moja. Tukizungumza naye kesi yetu inaharibika!"

"Na mimi niliambiwa hivyo hivyo," Kavata akasema.

Masha akainua shoka, si kwa kupiga, kwa kuonyesha barabara. "Mama, nimesema ondoka!"

"Baba Kadzo, weka shoka chini," Gladys akasema. "Mtu amekuja na maji. Mwache aseme alichokuja kusema."

Kavata akasogea. Yale maneno yote aliyoyapanga njiani yakatoweka. Akapiga magoti kwenye maganda ya mahindi.

"Nimekuja kusema pole."

"Pole ya miaka minne hupimwaje?" Gladys akauliza. "Kwa lita?"

Mwanamke mmoja mwenye dumu akaguna. Kavata akainamisha kichwa.

"Nikwambie kitu, mama wa lori. Pale wodini siku za mwanzo nilikuwa nikimwuliza nesi, hajaja? Sikutaka pesa zako. Nilitaka kumwona aliyenivunja ana uso gani. Mama yangu mzazi aliweka kiti kando ya kitanda, kila siku saa za kuangalia wagonjwa. Mtu akija kukiomba, mama anakataa. Anasema kina mwenyewe, anakuja. Siku kumi na nane. Siku ya kumi na tisa akakitoa mwenyewe."

"Yuko wapi nimwombe radhi?"

"Yuko chini ya udongo mwaka wa pili sasa."

"Nilifika langoni," Kavata akasema. "Nilikuwa na kikapu. Mtu wa bima akanishika mkono, akasema nikiingia hawatalipa."

"Ukarudi."

"Nikarudi."

"Na kikapu?"

Hapa angeweza kusema alimpa maskini, au alikipeleka kanisani. Ulimi ulikaribia kabisa.

"Nilikula vya ndani. Leso ninayo mpaka leo. Ndiyo hii niliyojifunga kichwani."

Gladys akamtazama kwa mara ya kwanza. Akamtazama kwa muda mrefu. Kisha jambo lisilotarajiwa likatokea: akacheka. Kicheko kifupi, kikavu kama mahindi aliyokuwa akiyapukuchua.

"Angalau huongopi. Inuka. Mpeni kigoda huyu."

Kigoda kikaletwa. Wale wanawake wakaona hivyo, wakalivamia tangi. Mapenzi akapata mdomo wake tena, akaanza kuwapanga foleni kama karani wa uchaguzi.

* * *

Msomaji, ungedhani yamekwisha. Bado kabisa.

"Jumatatu nafungwa," Kavata akasema alipokaa. "Sikuja kukulilia. Nimekuja kukuomba kwa haki. Ukinifunga, duka litakufa, lori litanadiwa bei ya chuma chakavu, na wewe hutapata hata nusu. Niachie lori lifanye kazi. Kila mwezi nitakuletea kwa mkono wangu, hapa hapa. Nilipe polepole ile iliyobaki juu ya zile laki tisa ambazo bima ilishawalipa..."

"Ilishatulipa nini?"

"Laki tisa. Kabla haijaanguka."

Gunzi likamdondoka Gladys mkononi.

"Muongo!" Masha akafoka. "Sikuwaambia? Amekuja kutuzungusha! Toka hapa!"

"Mimi muongo?" Damu ya Kavata nayo ikapanda. "Nimepiga magoti kwenye maganda, nimekiri mpaka sukari niliyokunywa, halafu niitwe muongo kwa jambo lililopigwa mhuri?" Akachomoa karatasi ya Cliff mkobani. "Hii hapa! Hukumu, milioni mbili na laki nane. Imelipwa, laki tisa. Imebaki, milioni moja na laki tisa. Soma!"

Gladys akaipokea. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Hukumu?" akasema. "Kesi imeamuliwa?"

"Tangu mwaka juzi."

"Wakili Mramba anatuambia kesi bado. Mwezi uliopita nimempigia. Akasema bado." Akainua macho. "Baba Kadzo, simu."

"Mekadzo, tumwite wakili ya nini leo Jumamosi? Tumwache mpaka Jumatatu, nitakwenda mwenyewe..."

Mekadzo, maana Gladys ndiye mama yake Kadzo, hakurudia neno. Alinyoosha mkono tu. Masha akatoa simu. Gladys akabonyeza, akaiweka juu ya gongo lake, sauti imefunguliwa. Hata wale wa foleni ya maji wakanyamaza.

"Wakili, shikamoo. Ni Gladys wa Ganze."

"Ah, marahaba mama! Habari za nyumbani? Watoto?"

"Wazima. Kesi imefika wapi?"

"Kesi bado, mama yangu. Hakimu alihamishwa, faili likatangatanga. Subira. Mahakama haiendeshwi kwa pupa."

"Sawa. Mwenye lori yuko hapa kwangu. Na lori lake."

Palisikika kiti kikisukumwa huko kwa wakili.

"Lori? Lori liko hapo? Mlizuie! Msiliache liondoke! Dalali analitafuta juma zima, namwambia aje sasa hivi!"

"Dalali wa nini, wakili? Si umesema kesi bado?"

Kuku mmoja akapita katikati yao, akidonoa mahindi.

"Mama... nipe mzee Masha nizungumze naye."

"Mguu uliokatwa ni wangu. Zungumza na mimi. Laki tisa za bima ziko wapi?"

"Nimesema nipe mzee."

"Na mimi nimesema zungumza na mimi!"

Simu ikakatwa.

Miaka minne! Huku bima ikimwambia Kavata usiseme naye. Kule wakili akiwaambia msiseme naye. Wanawake wawili wametenganishwa na umbali wa saa mbili za barabara, na katikati yao watu wenye tai wakila bila kufukuzwa na nzi. Ndivyo wanavyokula, msomaji. Wala hawahitaji kuvunja mlango, maana milango tunawashikia wenyewe, kila mmoja wetu upande wake.

Kavata alikuwa bado akiwaza hayo alipousikia mlio wa gari jingine.

* * *

Pikapu nyeupe ikasimama mbele ya lori, ikaziba njia. Cliff akashuka, viatu vyake leo vina vumbi.

"Wakili amekuita upesi," Mapenzi akasema.

"Wakili hajaniita. Tangu Kilifi nakula vumbi lenu, mpaka mkanipotea njiani." Akaligeukia lori, akatikisa kichwa. "Rangi nzuri, mama. Mimi nisingelijua kabisa. Lakini Malindi nzima kuna mama mmoja tu anayeendesha kanta, lori kama hili, amejifunga leso. Leta ufunguo."

Kavata akautoa ufunguo mfukoni. Chuma kilikuwa na joto. Duka alilijenga kwa lori hili. Ada za shule zilitoka hapa. Akamtazama Cliff na kiganja chake kilichokunjuliwa.

Akampita. Akauweka ufunguo mikononi mwa Gladys.

"Kama linakwenda, liondoke mkononi mwa mwenye haki yake."

"Mama, mambo haya hayaendi hivyo," Cliff akasema.

"Yanakwendaje?" Gladys akauliza. "Hiyo karatasi yako yasema hukumu ni ya nani?"

Cliff akakohoa. "Ya Gladys, mke wa Masha."

"Ndiye mimi. Nikikwambia simama?"

"Ukiniandikia kwa mkono wako, nasimama. Mimi natumwa tu. Lakini sikiliza ushauri wa bure, mama. Huyu alilificha lori hili. Nikiligeuzia mgongo leo, kesho litakuwa la kijani, na wewe hutaliona tena mpaka ufe."

Gladys akamgeukia Kavata. "Ni kweli ulilificha?"

"Nililificha."

"Utalificha tena?"

"Jana ningekuapia kwamba la. Lakini mtu anayeogopa jela hujui atafanya nini, na mimi naogopa. Usiniamini bure. Kaa na ufunguo."

Gladys akaugeuza ufunguo kiganjani. Kisha akayavuta magongo, akasimama.

"Wewe wa dalali. Lori ukilishika unalipeleka wapi?"

"Yadi. Malindi."

"Na ofisi ya wakili Mramba iko wapi?"

"Malindi hiyo hiyo."

"Basi njia ni moja. Twende wote. Nitakuandikia au sitakuandikia nikishamwona uso wake."

Miaka kumi na mbili ya kazi ya udalali Cliff hakuwahi kukutana na mnada wa namna hii. "Mimi nitafuata nyuma," akasema. "Karibu sana nyuma."

"Ngojeni maji yaishe kushuka!" Mapenzi akapiga ukelele. "Dumu hili bado nusu!"

Kavata akafungua mlango wa upande wa abiria. Ngazi ya lori ilikuwa juu. Gladys akaitazama bampa, pale chini, mahali ambapo rangi nyekundu ilikuwa imepakwa nene kupita pengine. Kavata akataka kusema tutafute gari jingine, tutapanda pikapu ya Cliff, lakini Gladys alikuwa amekwisha kumtupia magongo.

"Nishike kiuno. Nguvu! Unaogopa nini, nitavunjika tena?"

Akamshika. Alikuwa mwepesi kuliko mfuko wa saruji. Akampandisha, akamketisha, akamfunga mkanda. Wanawake wa madumu wakapiga vigelegele. Gladys akampa ufunguo.

"Washa."

Injini ikanguruma. Gladys akafumba macho, akashika dashibodi kwa mikono miwili. Lakini hakusema izimwe.

"Baba Kadzo!" akaita, macho bado yamefumbwa. "Panda nyuma, twende!"

Kavata akatazama kwenye kioo cha pembeni. Masha alikuwa amesimama pale pale kibandani. Shoka lilikuwa chini. Kofia ameivua, ameishika kifuani kwa mikono miwili, kama mtu aliye mazikoni.

"Baba Kadzo! Wakili atafunga ofisi!"

Masha akaja polepole mpaka dirishani. Hakumtazama mkewe. Aliutazama mkono wake ulioshika dashibodi.

"Mekadzo, shuka," akasema. "Msiende. Laki tisa haziko kwa wakili."

"Wewe wajuaje?"

Masha akaikunja kofia mikononi. Jua la saa nne lilikuwa likichoma mawe.

"Siku ile ya benki," akasema, "mimi na wakili tulikwenda pamoja."

Kavata akazima injini. Gladys akafumbua macho.

"Siku gani ya benki?"